Kung'oa mimea vamizi kwenye maziwa ya ndege: mwongozo kwa wanaojitolea Unguja na Pemba

Kung'oa kwenyewe si kazi ngumu. Kinachoiharibu ni kung'oa kisichostahili kung'olewa, kuacha kilichong'olewa palepale ukingoni, na kutorudi tena. Mwongozo huu ni kwa vijana wa shehia, klabu za mazingira za skuli, wafanyakazi wa hoteli na yeyote anayetaka kutoa asubuhi yake kwa ziwa la karibu na kwao.

Maziwa yetu ni madogo. Mengine yakifika kiangazi hubaki tope na mabonde ya mpunga hukauka kabisa. Kwa hiyo hata ukoka mmoja mgeni ukijaa, ndege hawana pa kuhamia. Tanzania iliingia kwenye Mkataba wa Ramsar wa kulinda ardhi oevu mwaka 2000 na ina maeneo manne yaliyoorodheshwa, lakini hakuna hata moja lililo Unguja wala Pemba. Hifadhi ya Taifa ya Jozani na Ghuba ya Chwaka ilitangazwa mwaka 2004, na mwaka 2016 UNESCO ikaitambua kuwa hifadhi hai (biosphere reserve). Ziwa lililo nyuma ya skuli yenu halimo humo. Linawategemea nyinyi na Sheha wenu.

1. Anza kwa Sheha

Hakuna ziwa lisilo na wenyewe. Unaloliona wewe ni pori tupu, lina mtu anayenywesha ng'ombe asubuhi, mwengine anayekata majani ya mifugo, na kina mama wenye vipande vyao vya mpunga ukingoni. Mwone Sheha kabla ya kuitisha watu, mweleze mnataka kutoa nini na mtakipeleka wapi, kisha muombe akukutanishe na kamati ya uhifadhi kama ipo. Sheria ya misitu ya mwaka 1996 iliruhusu vijiji kuingia makubaliano ya kusimamia misitu yao pamoja na Serikali. Pahala penye makubaliano hayo, kamati huwa na mipaka na kanuni zake zilizoandikwa. Zisomeni.

Ndani ya Jozani, Ngezi au hifadhi nyengine yoyote, usiguse jani bila ya maafisa wa misitu kuwepo. Na kama kikundi kina mgeni kutoka nje ya nchi, aulize Uhamiaji mapema. Viza ya kutembea si ruhusa ya kujitolea, na wanaokuja kujitolea kwa kawaida huhitaji kibali cha ukaazi cha daraja C.

2. Jua cha kung'oa na cha kuacha

Hapa ndipo pa kutumia muda. Tengeni siku moja kabla ya siku ya kazi, watu wachache tu, pamoja na mkulima wa mpunga wa papo hapo. Mwanamke aliyepalilia bonde moja miaka thelathini anayajua majani yake kuliko kitabu chochote utakachokuja nacho mkononi.

Gugu maji ndilo linalojulikana zaidi. Majani yake ni ya mviringo, mazito na yanang'aa. Bua limevimba katikati, na ukilipasua ndani ni sifongo jeupe lenye hewa, ndiyo maana linaelea. Ua ni la zambarau isiyokolea, na jani la juu la ua lina doa la njano. Asili yake ni bonde la Amazon huko Amerika Kusini, na lilipandwa duniani kote kwa ajili ya uzuri wa hilo ua. Ziwa Victoria liliposongwa nalo, meli zilikwama bandarini. Katika maji yenye joto na mbolea, eneo lililofunikwa linaweza kuongezeka maradufu ndani ya wiki mbili hivi.

Kuna mmea mwengine unaoelea, majani yake yamekunjana kama saladi, rangi ya kijani hafifu na manyoya mafupi. Huo hauna bua lililovimba. Nao ukijaa hufunika mwanga na kuwanyima samaki hewa.

Kwenye nchi kavu, ukingoni, mtakutana na lantana: kichaka chenye miiba midogo, maua ya njano, waridi na machungwa kwenye kishada kimoja, na majani yenye harufu kali ukiyafikicha. Ndege wenyewe hula matunda yake meusi na kuzitawanya mbegu, kwa hiyo usishangae kuyakuta chini ya kila mti wanapolala. Halafu kuna lusina, uliopandwa sana kwa ajili ya kuni na malisho. Majani yake ni madogo madogo, maua ni vifundo vyeupe, na maganda ni bapa, yananing'inia kwa mafungu. Ukitoa mbegu mwaka mmoja, huchipua kwa miaka mingi baadaye.

Mpera nao umo kwenye orodha za mimea vamizi katika visiwa vingi duniani. Jaribu kuukata mpera wa mtu Pemba uone. Uacheni, labda wenye eneo wenyewe waseme utoke.

Sasa vya kuacha. Yungiyungi ni la kwanza, na ndilo linaloonewa zaidi na wageni wa kazi hii kwa sababu nalo lina jani la mviringo juu ya maji. Pemba yupo bata mdogo sana, uso mweupe, ubavu wa rangi ya kutu, ambaye chakula chake kikubwa ni mbegu za yungiyungi. Ukiling'oa umemfukuza. Bata huyo huyo hutaga kwenye matundu ya miti, kwa hiyo mti mkavu wenye tundu ulio karibu na maji nao usikatwe kuni. Matete yaacheni pia, maana mnana husuka viota vyake humo, vikining'inia juu ya maji ili nyoka asivifikie kwa wepesi. Mikoko ya aina zote, mkoko wenyewe, mchu, mkandaa, msinzi, haihusiani kabisa na kazi hii.

Kuna jaribio la mkono ambalo wakulima hulitumia. Nililiona kwa bibi mmoja wa bonde la mpunga, alipomkuta kijana amekwishashika yungiyungi kwa mikono miwili.

"Mwanangu, vuta kidogo tu. Linakuja?"

"Haliji, bibi. Limeshika."

"Basi liache. Vuta lile la pembeni."

La pembeni likaja lote bila ubishi, mizizi yake myeusi yenye nyuzi nyuzi ikichuruzika maji, na konokono wawili wadogo wameng'ang'ania humo. Lile la kwanza bua lake lilikuwa limezama hadi kwenye kiazi ndani ya tope. Hii si kanuni ya kufunga macho, maana vipo vimea vidogo vya asili vinavyoelea pia. Lakini kwa mtu wa siku ya kwanza inamwepusha na madhara makubwa.

Mkiwa na shaka na mmea wowote, pigeni picha ya jani, ua na mzizi, muuacheni, mkaulize ofisi ya misitu.

3. Kichocho

Sehemu hii naiweka mbele ya vifaa kwa makusudi, kwa sababu ndiyo inayoamua vifaa gani vitumike na saa ngapi mfike.

Kichocho cha Unguja na Pemba ni kile cha mkojo. Vijidudu vyake hukulia ndani ya konokono wa maji baridi, kisha hutoka na kuogelea vikitafuta ngozi ya mtu. Havihitaji kidonda, hupenya ngozi nzima. Konokono hao hupenda kujishika kwenye mimea ya majini, yaani hasa hapo mnapotia mikono. Serikali imepiga hatua kubwa kwa kugawa dawa ya praziquantel maskulini na majumbani, lakini yapo maziwa na vijito ambavyo bado vina maambukizi. Waulizeni wahudumu wa kituo cha afya cha karibu kabla ya kupanga siku. Wao wanajua watoto wa upande gani ndio wanaokutwa nacho.

Vijidudu hutoka kwa wingi jua likiwa limepanda, kuanzia saa nne asubuhi hadi saa nane mchana. Basi kazi ya majini ianze mara baada ya swala ya alfajiri, mwanga ukishatosha kuonana, na saa tatu na nusu kila mtu awe nchi kavu. Kazi ya lantana na lusina ndiyo ya baadaye. Asiyevaa mabuti marefu ya mpira asiingie majini kabisa, na mwenye mabuti asivuke kina cha magoti. Glavu ziwe za mpira zinazofika kwenye kiwiko. Za kitambaa zinanyonya maji na kuyahifadhi juu ya ngozi, bora hata usivae. Watoto wa skuli wabaki ukingoni, wana kazi nyengine nyingi.

Aliyelowa ngozi akapime mkojo wiki sita hadi nane baadaye, hata kama hajaona damu. Akipima kesho yake hakitaonekana kitu, na dawa nayo huua minyoo iliyokwishakomaa, haifanyi kazi vizuri kwa michanga.

Mengine ni ya kawaida. Vaeni mikono mirefu kwa sababu ya upupu, ambao hupenda kutambaa kwenye vichaka vya kingo, na maganda yake makavu yakiguswa, kazi imekwisha kwa siku hiyo. Pigeni pigeni majani kwa fimbo kabla ya kuingiza mkono, kwa ajili ya nyoka. Asiyejua kuogelea asipande mtumbwi.

4. Chagueni mwezi, kisha chagueni ukingo

Miezi mizuri ni kiangazi cha Januari na Februari, na tena Agosti na Septemba baada ya baridi ya kipupwe. Wakati huo maji yamepungua, tope la kingo linabeba mtu, na jua la kukaushia lipo. Masika msiguse maji. Mvua hupandisha maji, na ndege wengi wanaanza kujenga. Masika na mwanzo wa vuli ni wakati wa kung'oa miche ya lusina na lantana, kwa kuwa udongo umelainika na mzizi unatoka mzima. Ramadhani iacheni ipite.

Tarehe 2 Februari ni Siku ya Ardhi Oevu Duniani, siku uliposainiwa mkataba wa Ramsar mwaka 1971. Inaangukia katikati ya kiangazi, na viongozi huwa wepesi kuitikia mwaliko siku hiyo. Itumieni.

Upepo nao ufanyeni mfanyakazi wenu. Kusi huyasukuma magugu yanayoelea hadi yakajazana ukingo wa kaskazini. Kaskazi huyarudisha upande wa kusini. Angalieni yamelala wapi, mkakae hapo, badala ya kuyafuata katikati ya ziwa. Ziwa dogo, upepo ukitulia, vutieni kwa kamba ndefu yenye maboya au chupa tupu za maji zilizofungwa vizuri: watu wawili kila upande, mnatembea taratibu kwenye kingo mbili, na kamba inayakusanya.

5. Vifaa

Reki za mipini mirefu, panga mbili tatu, majembe, sepeto moja, kamba, mabuti, glavu, maji ya kunywa na sanduku la huduma ya kwanza. Na mapakacha mengi. Watu huja na mapolo ya nailoni kwa kuwa yapo tele, lakini gugu maji karibu lote ni maji, na polo linayashika. Kijana analibeba mgongoni, linamchuruzikia hadi kiunoni, na hatua ishirini tu amechoka. Pakacha la makuti linachuja. Liwekeni juu ya magogo mawili ukingoni kwa muda wa kunywa chai na uzito unakuwa umepungua sana.

Dawa za kuulia magugu hazina nafasi hapa, hata akitokea mtu wa kuzitoa bure. Maji haya yanakwenda kwenye mpunga na kwenye matumbo ya ng'ombe. Vilevile asije mtu akaagiza wadudu wa kula magugu. Ni kweli kwamba Ziwa Victoria lilisaidiwa na fukusi maalumu walioachiwa miaka ya 1990, lakini hiyo ni kazi ya Serikali na wataalamu wake.

6. Asubuhi ya kazi

Kwanza kaeni kimya dakika ishirini, watu wawili au watatu wenye darubini, mkihesabu ndege kabla reki ya kwanza haijagusa maji. Yangeyange, kulastara, mdiria, bata, vitwitwi kwenye tope. Andikeni saa, hali ya upepo na idadi. Programu ya eBird, inayoendeshwa na Chuo Kikuu cha Cornell cha Marekani, hupokea hesabu hizo bure kwa simu, na mradi wa Tanzania Bird Atlas umekuwa ukikusanya kumbukumbu za ndege za nchi nzima. Pigeni picha mkiwa mmesimama pahala pamoja, kwa mfano kwenye shina la mnazi mliloliwekea alama. Bila ya picha hiyo mwakani mtabishana tu.

Kisha mtu mmoja azunguke kutafuta viota. Ndege wengine hutaga juu ya mimea inayoelea yenyewe. Kikionekana kiota chenye mayai au makinda, wekeni kijiti chenye kitambaa hatua kumi kutoka hapo, na kipande hicho kisiguswe hadi safari nyengine.

Watu kumi na wawili hadi ishirini wanatosha. Wakizidi hapo wanakanyaga kuliko wanavyong'oa. Gaweni makundi ya watatu: mwenye reki, mwenye pakacha, mbebaji, na wabadilishane. Anzieni pale magugu yalipo machache, mkielekea yalipo mengi, na maji yakiwa yanapita, anzieni juu yanakotokea. Vuteni kimea kizima pamoja na vile vikamba vinavyokiunga na mtoto wake. Kipande kilichobaki kinaelea na kuanza upya, kwa hiyo mwenye jicho kali akae nyuma ya kundi na chujio au kipande cha wavu akiokota vilivyokatika.

Yenye maua yatangulie kutoka. Ua la gugu maji likishakauka, shingo yake hupinda hadi majini na kumwaga mbegu, na mbegu hizo hukaa kwenye tope zaidi ya miaka kumi zikisubiri mwanga.

Msitoe yote siku moja kama ziwa limefunikwa lote. Toeni kwa vipande, mkiacha ukanda kati yake. Samaki wadogo na vyura wamekwishafanya makao chini yake, na ndege wanaowawinda watahitaji wiki kadhaa kuzoea.

Lantana changa ng'oeni kwa mkono. Kubwa ikateni kwa urefu wa goti, mshike kisiki hicho kama mpini, mchimbe hadi mzizi mkuu utoke. Ikikatwa tu inarudi na matawi mengi zaidi. Lusina mkubwa ni hivyohivyo, na asiyeweza kuung'oa arudi kukata machipukizi kila mwezi hadi uchoke.

Chai, boflo na muhogo viliwe mbali na maji, na makombo yote yarudi nyumbani. Kunguru wa Kihindi waliletwa Unguja miaka ya 1890, na hawaachi kitu: mabaki ya chakula huwaita, wakishamaliza hugeukia mayai na makinda ya ndege wenyeji.

7. Mzigo upelekwe wapi

Tazameni mashina ya miti kuona alama ya tope la masika yaliyopita, mkarundike juu ya hapo, si chini ya hatua arubaini kutoka ukingoni. Rundo lililowekwa chini ya alama hiyo litarudi ziwani lenyewe mwezi wa Aprili.

Yasiyo na maua yakatwekatwe, yapangwe tabaka kwa tabaka na samadi ya ng'ombe na majani makavu ya mgomba, yageuzwe mara kwa mara, yatatoa mboji nzuri. Yenye maua au vikonyo vya mbegu yakaushwe kabisa juani juu ya mapolo yaliyotandazwa, kisha yachomwe kwa idhini ya Sheha au yafukiwe shimoni. Patatokea mtu atakayesema tutupe baharini, chumvi itayaua. Itayaua kweli, halafu yataoza juu ya mashamba ya mwani ya kina mama.

Lantana ina sumu kwa ng'ombe na mbuzi, kwa hiyo msiache matawi yake karibu na mifugo iliyofungwa kamba. Majani ya lusina ng'ombe na mbuzi wanakula kwa kiasi. Punda asipewe, yanamnyonyoa singa na mkia.

8. Osheni kila kitu palepale

Mabuti, reki, mapakacha, mtumbwi, kamba. Visuguliwe kwa brashi juu ya nchi kavu, mkichungulia ndani ya mabuti na kwenye mafundo ya kamba, maana kipande cha urefu wa kidole kikisafiri hadi ziwa jengine mmepanda shamba jipya. Vikauke juani siku mbili kabla ya kutumika kwengine. Na mtu asichukue gugu maji kwenda kupamba ndoo ya nyumbani kwa sababu ya ua lake, wala hoteli isiliweke bustanini.

9. Ratiba ya kurudi

Iandikeni siku hiyohiyo kabla watu hawajatawanyika, na majina. Baada ya wiki mbili, watu wanne tu warudi na chujio kuokota vilivyobaki. Baada ya mwezi, tena. Kisha kila miezi mitatu, na lazima mara moja mwishoni mwa masika, maana hapo ndipo mbegu zilizokuwa kwenye tope hupata maji na mwanga. Ukingo ulioachwa wazi usibaki mtupu: matete na nyasi za papo hapo zikipewa nafasi hurudi zenyewe, na kama panahitaji miti, ombeni miche kwa ofisi ya misitu ya wilaya.

Nakala ya hesabu ya ndege, idadi ya mapakacha na picha mpelekeeni Sheha kila mara mnaporudi. Mkibadilika nyinyi, daftari litabaki kwake, na kikundi kijacho kitajua kiota kilikuwa wapi na ukingo gani haujaguswa.